Upande wa Kuanzia

Benson, mwalimu wa kompyuta, alikuwa na maneno yake mawili aliyoyapenda kama kijana anavyopenda raba mpya: inajieleza yenyewe.

"Inajieleza yenyewe, wazee wangu," alisema kila Jumamosi asubuhi, akipita katikati ya viti nyuma ya steshenari ya Haiderali pale Mtoni. "Waliotengeneza walishafikiria kila kitu. Macho yako yenyewe yanakwambia pa kubonyeza. Mtoto wa chekechea anaiweza!"

Wazee walicheka, wakageukia skrini zao, na kweli macho ya wengi yaliwaambia. Mzee Augustine, mstaafu wa bandarini, alikwisha andika jina lake kwa herufi kubwa na kulipaka rangi nyekundu, sasa anatafuta namna ya kuliwekea maua. Bi Hamdiya peke yake ndiye macho yake hayakumfaa. Au tuseme yalimwambia pa kubonyeza, naye akabonyeza hapo hapo, na kila alipobonyeza mashine ikamfungia mlango usoni.

"Imepotea tena," alisema kwa sauti ndogo.

"Nini, bibi?"

"Karatasi. Nimeigusa tu, imepotea."

Benson akaja, akainama, akashika mausi mara moja, karatasi nyeupe ikarudi kwenye skrini. "Ni mkono, bibi. Unatetemeka, unabonyeza kusikotakiwa. Pole pole utazoea."

Mkono. Kila mtu alisema mkono. Na mkono wenyewe ulikuwa pale juu ya meza, unatikisika kama jani, haukuweza hata kujitetea.

Bi Hamdiya hakwenda pale kutafuta cheti. Duka lake la udi na ubani, aliloachiwa na marehemu mumewe Sultan, lilikuwa halihitaji kompyuta. Wateja waliingia, wakanusa, wakanunua, wakaondoka. Alikwenda kwa sababu ya mdogo wake, Afrah.

Afrah aliolewa Maskati, akaenda, akazalia huko, akazeekea huko. Miaka yote wameandikiana barua kwa Kiswahili, lakini kwa herufi za Kiarabu walizofundishwa na maalim wa Kurani chuoni Kimbiji wakiwa watoto, wamekaa mkekani, ubao mapajani, wino wa masizi mpaka puani. Afrah hakupata kujifunza herufi nyingine. Sasa masikio yake yamekufa kabisa, simu kwake ni kitu cha kuwatazama wajukuu wakichezesha midomo, na akachoka nayo, akasema asipigiwe tena. Kilichobaki baina ya dada hao wawili ni maandishi. Na mwaka huu mkono wa Hamdiya ukaanza kutetemeka hata kalamu ikawa inachora mawimbi.

Lililokuwa baya zaidi ni wakati wenyewe. Barua ya mwisho ya Afrah ilisema hivi: magoti yamekataa, ndege siiwezi, dada yangu sitakuja tena. Barua kama hiyo haiachwi bila jibu. Nayo ikaachwa. Mwezi ukaisha, Ramadhani ikaingia ikatoka, sikukuu ikapita, na kule Maskati Afrah akajiambia kwamba dada yake amemsusa.

Mjukuu wa Afrah, Khalil, kijana mwenye adabu, alimweleza bibi yake kwamba mkono wa Bi Hamdiya unaumwa. Afrah akacheka kwa uchungu. "Mkono! Tangu chuoni, Hamdiya akitaka kukwepa kuandika husingizia mkono. Mwambieni kama kaninunia aseme."

Maneno hayo Khalil aliyatuma kwa Wafa, mjukuu wa Hamdiya, na Wafa akamsomea bibi yake kibarazani. Hamdiya alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni kweli nilikuwa nasingizia."

Walijaribu kila njia. Wafa alitaka kumwandikia yeye, lakini Wafa hajui herufi zile. Ustadhi wa msikitini anazijua, ila kuna mambo baina ya dada na dada ambayo huwezi kumtajia ustadhi. Kwenye simu ya Wafa herufi zilikuwepo, ndogo kama mchele, na kidole cha Hamdiya kikitua kinakanyaga tatu kwa mpigo. Ndipo Eufrazia akasema, "Shoga, kompyuta ina vibonye vikubwa. Twende kwa Haiderali. Mie mwenyewe nataka kujifunza kabla sijafa mshamba."

Eufrazia huyo, nyumba yake na ya Hamdiya zimegusana ukuta. Alikuja Mtoni kutoka Bukoba akiwa binti mbichi, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, enzi zile nchi nzima ilipokaa kwenye madawati. Jambo la kwanza alilofanya Mtoni ni kupita nyumba kwa nyumba akiandika nani anajua kusoma na nani hajui. Kwa Hamdiya alimkuta mwanamke kijana ameshika barua ndefu, anaisoma huku anacheka peke yake. Akamwuliza herufi za a, e, i, o, u. Hamdiya hakuzijua. Akaandikwa: hajui kusoma wala kuandika.

Siyo kosa la Eufrazia. Karatasi aliyopewa haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu anajua, ila kwa namna nyingine. Karatasi za namna hiyo hazikosi wachoraji. Wanakaa mbali, wanachora visanduku, na usipoenea kwenye kisanduku wanasema wewe ndiye mwenye kasoro. Wazee wangapi wa pwani hii, waliokuwa wakiandikiana mikataba ya biashara na mashairi ya harusi, waliamka siku moja wakaambiwa ni wajinga? Hakuna aliyerudi kuwataka radhi. Walikalishwa mbele ya picha ya jembe wakafundishwa kusema je-mbe.

Hamdiya alikalishwa pia, na herufi za pili akazijua. Kutokana na kisa hicho wakapata utani wa kuwatosha uzee mzima.

"Mwalimu," alisema Hamdiya siku ile ya kwanza walipoingia darasani kwa Benson, "hebu niandike tena sijui."

"Leo tunaandikwa wote, shoga. Kaa."

*

Alipoanza darasa Hamdiya alimwuliza Benson, "Mwanangu, herufi za chuoni zimo humu?"

"Za Kiarabu? Zimo, bibi. Zote zimo. Lakini kwanza uijue mashine. Ukishajua kufungua karatasi na kuandika jina lako, nakuwekea."

Basi yote yakasimama hapo. Kufungua karatasi na kuandika jina. Benson alisimama mbele akasema, "Nendeni mwanzo wa ukurasa, bonyezeni, muanze," na darasa zima likaenda mwanzo wa ukurasa, likabonyeza, likaanza. Hamdiya naye akaenda mwanzo wa ukurasa, mkono unatetemeka, akaukaza kwa mkono wa pili, akafika, akabonyeza. Karatasi ikatoweka. Mara moja alifanikiwa kuandika nusu ya jina kwa sababu Benson mwenyewe alimwanzishia. Alipotaka kurudi mwanzo atazame alichoandika, mashine ikamwuliza jambo kwa Kiingereza, akabonyeza palipokuwa karibu, na nusu ya jina ikaenda zake.

Mzee Augustine akachungulia kutoka kiti cha jirani. "Bi Hamdiya, hii yako ina jini. Ungekuja na ubani wako wa dukani uifukize."

"Ningeanza kukufukiza wewe, Augustine. Umelipaka jina rangi mpaka halisomeki."

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini Jumamosi ile walipokuwa wakirudi, kwenye kivuli cha ukuta wa shule, alisimama.

"Mwalimu. Sirudi tena."

"Kwa nini?"

"Mkono umekwisha. Tusidanganyane." Aliutazama kama anavyotazamwa mtoto aliyefeli mtihani. "Afrah atakufa akiamini nimemsusa. Au nitatangulia mie. Basi. Ndivyo ilivyoandikwa."

Eufrazia alimshika mkono ule ule unaotikisika, akauweka kwapani mwake kama mtu anayembebea mwenzake mkoba, wakaenda hivyo hivyo mpaka nyumbani. Mlangoni akasema, "Jumamosi moja tu. Njoo ukae. Usiandike kitu. Mie nataka nikutazame."

"Unitazame nini? Mie sinema?"

"Siku zote nimeuvumilia utani wako bure. Nilipe moja."

*

Jumamosi iliyofuata Eufrazia hakuwasha mashine yake. Alisogeza kiti nyuma ya Hamdiya, akavaa miwani, akakunja mikono kama alivyokuwa akisimamia mtihani.

Benson akasema, "Mwanzo wa ukurasa, wazee wangu."

Mkono wa Hamdiya ukaondoka. Ulikwenda ukiyumba, ukapanda, ukashuka, ukapotea, ukajirudi, na ukatua. Karatasi ikatoweka.

"Tena," alisema Eufrazia.

Benson akaifungua. Mkono ukaondoka, ukayumba kwa njia nyingine kabisa, ukatua. Karatasi ikatoweka.

"Tena."

"Mwalimu, unanidhalilisha."

"Tena, mama. Mara ya mwisho."

Mkono ukaenda. Safari hii Eufrazia hakuangalia mkono, aliangalia ulikofikia. Akavua miwani.

"Benson. Njoo hapa, baba. Mkono unaotetemeka unaweza kupiga mahali pamoja kila mara?"

"Sijakuelewa, mama."

"Mkono mgonjwa unapiga huku, unapiga kule. Huu unayumba njia nzima, lakini ukifika unafika pale pale. Kona ya juu, kulia. Kila mara. Huu mkono hauna kosa. Unajua unakokwenda."

Benson akatazama. Kona ya juu kulia kuna kile kialama cha mkasi, vijistari viwili vilivyokatana, ukikipitia kinageuka chekundu, ukikibonyeza kinafunga kila kitu. "Sasa bibi, kwa nini unabonyeza pale? Pale ni pa kufungia."

Hamdiya akamgeukia, ameshangaa kweli kweli. "Si umesema mwanzo wa ukurasa?"

Benson akagusa kona ya pili ya skrini.

"Mwanzo wa ukurasa uko huku, bibi. Kushoto."

"Wako uko kushoto," alisema Hamdiya pole pole, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeamka. "Wangu tangu nimezaliwa uko kulia. Msahafu unaanzia kulia. Barua za Afrah zinaanzia kulia. Nikiambiwa mwanzo, mie sifikiri, jicho limeshafika."

Eufrazia alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Kitabu," alisema. "Mungu wangu. Kisomo. Siku ya kwanza nilikupa kitabu ukakifungua kwa nyuma, ukaanza kuangalia ukurasa wa mwisho. Nikakugeuzia. Darasa zima likakucheka, na mie nikacheka nalo."

"Nakumbuka."

"Hukuwahi kuniambia kwa nini."

"Hukuwahi kuuliza, shoga," alisema Hamdiya, bila ukali wowote.

Inajieleza yenyewe! Inajieleza kwa aliyeanza maisha kushoto. Wale waliotengeneza walifikiria kila kitu, ndiyo, kila kitu cha kwao. Pale ambapo mamilioni ya watu duniani huanzia kusoma, wao wakaweka kitanzi. Wala hawakukusudia ubaya, na hilo ndilo linalochoma. Mtu akikukusudia ubaya angalau amekuona.

Benson hakuwa kijana mjinga, wala hakuwa na kiburi. Alikuwa tu na maneno mawili mazuri aliyoyaokota mahali. Alikuna kichwa. "Bibi, kumbe mie ndiye nilikuwa nakufukuza. Nimekufungia mlango, halafu naulaumu mkono wako." Akainuka. "Hebu ngoja. Kuna kitu. Sijawahi kukijaribu, lakini kipo."

Ilikuwepo mashine ya pembeni, karibu na mlango wa choo, ambayo hakuna aliyeipenda. Benson alizungumza na Haiderali mlangoni, Haiderali akauliza, "Hiyo mashine wengine wataitumia vipi?" Benson akamjibu, "Hiyo wanaikimbia hata ikiwa ya Kiingereza, boss," na mzee yule akapunga mkono, fanya. Benson akaiingizia lugha ya Kiarabu, akaizima, akaiwasha.

Skrini ikageuka kama nguo iliyopinduliwa. Kitufe cha kuanzia kikahamia kulia chini. Mkasi ukahamia kushoto. Karatasi ilipofunguka, kile kijiti kinachokonyeza, kinachongoja mtu aandike, kilikuwa kimesimama juu kulia.

"Aaah," alisema Hamdiya.

Mkono wake ukaondoka, ukayumba, ukapanda, ukashuka, ukatua kona ya juu kulia, ukabonyeza. Karatasi ikabaki.

Mzee Augustine ndiye aliyepiga makofi wa kwanza. Benson, kwa furaha, akachukua mausi amwonyeshe jambo, mkono wake ukakimbilia kushoto juu kwa mazoea, akabonyeza, na karatasi ikatoweka.

"Ni mkono, mwanangu," alisema Hamdiya. "Pole pole utazoea."

Walicheka mpaka Haiderali akaja kuona kuna nini.

*

Vibonye vilikuwa bado vya Kiingereza. Eufrazia alinunua plasta nyeupe kwenye duka la dawa, akaikata vipande vidogo kwa mkasi wa kushonea, na wakakaa wawili mbele ya kibodi, simu ya Benson ikiwaonyesha picha ya mpangilio. Mkono wa Hamdiya haukuweza kuchora, kwa hiyo alichora Eufrazia, mwalimu wa kisomo, herufi asizozijua hata moja.

"Hii imelala kama bakuli. Nini hii?"

"Be. Tia nukta moja chini. Moja, Eufrazia, umetia mbili. Ukitia mbili inakuwa kitu kingine."

"Na hii yenye mkia?"

"Hiyo nuni. Nukta yake juu. Uiinue kidogo... hivyo. Una mwandiko mzuri, ila unaandika kama unamwogopa maalim."

"Namwogopa kweli. Ana maneno."

Hamdiya alisoma yaliyoandikwa juu ya skrini. Kiarabu chenyewe hakijui zaidi ya sala na dua, lakini herufi anazijua, akayatamka moja moja kama anayeonja. Mengine yalipita kama wageni. Penye kipande kimoja akasimama. "Hifdhi. Benson, hiki kinafanya nini?"

"Hicho ndicho cha kusevu, bibi. Ukibonyeza maneno yako hayapotei."

"Hifadhi," alisema Hamdiya. "Mbona huku kunaeleweka!"

Kisha akaandika. Kidole kimoja, kwa kungoja. Anakiinua juu ya kibonye, anakiacha kitikisike kinavyotaka mpaka kitulie kidogo, ndipo anakishusha. Irabu hakuziweka, zilikuwa zinamchosha. Akasema Afrah atazijaza mwenyewe, anajua sauti yake. Wengine walikwisha kwenda nyumbani. Haiderali alianza kufunga upande wa mbele akaacha mlango mmoja. Eufrazia alikaa kando akila karanga, hakuuliza kilichoandikwa, na asingeweza kukisoma hata angechungulia. Alichungulia.

Barua ile ilisema hivi:

*Afrah, mwizi wa visheti. Sijakununia. Mkono safari hii kweli, wallahi, na Mungu ananilipiza ule uongo wa chuoni. Umesema huji tena. Usije. Kaa na magoti yako, uwatazame wajukuu. Mie nikifungua duka asubuhi nikachoma udi, ule wa kwanza nakuchomea wewe, nawe umekuwepo hapa siku zote. Unaandikiwa na mashine ya Mtoni, imegeuzwa upande kwa ajili yangu. Nijibu upesi. Sina mwingine wa kumwita mwizi.*

Benson akaituma kwa anwani ya Khalil. Hamdiya akataka kubonyeza mwenyewe, na akabonyeza.

*

Jibu lilifika kabla ya Jumamosi. Benson alimpigia Wafa, Wafa akamwambia bibi yake, na Hamdiya akafunga duka mchana kweupe, jambo lililowafanya majirani waulize kama kuna msiba. Eufrazia akamfuata kanga ikipepea.

Walikaa kwenye mashine ya pembeni. Benson alikuza herufi mpaka zikajaza skrini, kisha akajitenga, akajifanya ana shughuli na karatasi za printa.

Hamdiya alisoma kimya. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alifika mwisho, akarudi juu, akasoma tena, na mara hii akacheka katikati na machozi yakamtoka akiwa bado anacheka.

"Anasemaje?" aliuliza Eufrazia. "We Hamdiya, anasemaje? Usiniue."

"Kaa vizuri."

"Nimekaa!"

"Siyo hapo. Hamia huku, upande wangu wa kulia. Huku ndiko kunakoanzia." Hamdiya alinyoosha kidole kinachotetemeka, akakitua juu kabisa, pale kona. "Hii uliichora mwenyewe. Niambie nini."

Eufrazia akasogeza kiti, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Inafanana na ile nuni," alisema kwa mashaka. "Mwanzoni inakatwa mkia?"

"Inakatwa. Endelea."

"Halafu ile ya bakuli haipo... hii ina nukta mbili chini. Hii sikumbuki."

"Hiyo ye. Usijali, tunayo siku nzima," alisema Hamdiya. "Neno lenyewe ni *nimeamini*. Njoo tulisome taratibu."